Muuaji Anajulikana, Shahidi Hasikilizwi

Mwaka 1853, katika machimbo ya dhahabu ya California, Mchina aitwaye Ling Sing aliuawa. Mzungu mmoja, George Hall, alishtakiwa, mashahidi wakasimama wakaeleza, akahukumiwa kunyongwa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaifuta hukumu. Kisa? Mashahidi waliomtia hatiani walikuwa Wachina, na majaji wakaamua kwamba sheria iliyowakataza watu weusi na wenyeji asilia kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu iliwagusa na Wachina.

Kila nikisoma riwaya ya upelelezi iliyowekwa zama kama zile, yenye wapenzi wa tamaduni mbili na ubaguzi unaowazunguka, kesi hiyo hunirudia. Riwaya ya upelelezi humwekea msomaji ahadi: ukweli ukifichuka, mambo yatakaa sawa. Sasa, pale ambapo ukweli ulifichuka mchana kweupe na sheria yenyewe ikaufukia, mwandishi ataitimizaje ahadi hiyo bila kusema uongo?

Wapo wasomaji wanaosema hawezi, na kwamba mapenzi ndiyo yanayomponza. Hoja yao ina uzito. Mtiririko unajulikana: mgeni anasingiziwa mauaji, binti wa familia yenye jina anamwamini peke yake, wanatafuta ushahidi pamoja, muuaji wa kweli anakamatwa, wanaoana. Chuki yote imerundikwa kwa mtu mmoja mwovu, na akifungwa yeye, msomaji anafunga kitabu akiamini kwamba chuki nayo imeenda jela. Ilhali ubaguzi ulikuwa na ofisi na muhuri. Kuanzia 1880 sheria ya California ilikataza kutoa leseni ya ndoa kwa Mzungu na Mchina, na marufuku ya ndoa za namna hiyo ilidumu jimboni humo hadi 1948. Sheria ya Marekani ya 1907 ilimvua uraia mwanamke aliyeolewa na mgeni. Basi riwaya inayoishia harusini katika miaka hiyo ina deni: ituambie ni karani gani aliyeandika ile leseni, na bibi harusi aliamka kesho yake akiwa raia wa wapi.

Upande wa pili haunipi usingizi, kwa sababu nao unasema kweli. Ukishikilia kwamba mapenzi ya aina hiyo lazima yaishie kaburini, unawafuta watu walioishi. Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Zanzibar, alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Baadaye nyumba yake ilipakana na ya mfanyabiashara kutoka Hamburg, Heinrich Ruete, na kutoka darini kwake aliweza kuona karamu za jirani. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Waingereza akiwa mjamzito. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa na kuolewa. Nani angethubutu kumwambia kwamba kisa chake ni ndoto ya waandishi?

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwacha ugenini na watoto watatu wadogo. Aliporudi kuitazama Zanzibar mwaka 1885, kaka yake Sultani Barghash hakumpokea. Mapenzi yalikuwa ya kweli na gharama yake ilikuwa ya kweli, tena bili ililetwa na jamii zote mbili. Hilo la mwisho waandishi wengi hulikwepa. Humpa mgeni familia isiyo na lolote ila hekima, nami huona hiyo ni dharau iliyovikwa heshima.

Kuhusu matusi ya zama hizo, kama yaandikwe yalivyokuwa au yalainishwe, sioni ubishi mkubwa: tusi moja mahali pake linatosha. Kinachonikera zaidi ni mpelelezi mwenye akili ya leo, aliyezaliwa katikati ya chuki asiguswe nayo hata kidogo. Mpeni doa. Ampende mtu na bado, siku moja mezani, asite kumtambulisha kwa mama yake.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka mapenzi yaondolewe. Nayataka yabaki, ila kazi mbili zitenganishwe: kumpata muuaji ni jambo moja, kuushinda ubaguzi ni jingine, na la kwanza lisijifanye limemaliza la pili. Riwaya ninayoisubiri ina ukurasa ambapo yule mgeni anamwambia mpenzi wake, "Nilimwona, namjua," na yule mwingine, anayejua sheria, anakaa kimya akiitazama mikono yake, kwa kuwa ni mmoja tu kati yao ambaye hakimu atamruhusu kusema.