Autopailoti ya zamani, ya sasa, na kile ambacho Bongo kingetufaa zaidi

Watu wa nyumbani wakisikia huku Texas nimeendesha Tesla ya zamani, yale magari ya umeme ya Marekani yenye mfumo wa kumsaidia dereva uitwao Autopilot, na sasa naendesha mpya, swali ni moja tu, linajiendesha kweli au longolongo. Jibu langu ni kwamba bado linakusaidia kuendesha, dereva ni wewe, na likigonga wa kujibu ni wewe. Ila msaada wa gari la 2015 na msaada wa gari la 2024 ni vitu viwili tofauti kabisa, na mimi nina maoni yangu kuhusu upi ungetufaa nyumbani.

Nianze na ile ya zamani. Tesla za aina ya Model S zilizotoka mwisho wa 2014 mpaka 2016 zilikuwa na kamera moja ya mbele, rada moja na sensa 12 za kupima umbali kwenye bampa, ubongo wake ukiwa ni chipu ya Mobileye, kampuni ya Israeli. Kazi zake zilikuwa chache: inafuata gari la mbele kwa umbali unaochagua wewe, inakaa katikati ya mistari, ukiwasha indiketa inahamia leni ya pili. Kwenye barabara kuu ya I-35 kutoka Dallas kwenda Austin, lami safi na mistari inaonekana vizuri, inapunguza uchovu sana. Lakini ikifika kwenye taa nyekundu haina habari, kwenye njia panda haina habari, na wewe dereva unalijua hilo vizuri, kwa hiyo macho hayatoki barabarani hata dakika moja. Mimi naliheshimu sana hilo, chombo kinachokuonyesha wazi mwisho wa uwezo wake.

Mei 2016 kule Florida Model S moja ikiwa kwenye Autopilot iliingia chini ya trela la lori lililokuwa linakatiza barabara, dereva akafariki. Miezi michache baadaye Tesla na Mobileye wakaachana, na Oktoba mwaka huo yakaja magari ya kamera 8 na kompyuta ya kampuni ya Nvidia. Watu wakadhani kipya ni bora siku ileile, wapi, magari yale mapya kwa miezi kadhaa yalikuwa hayawezi mambo ambayo ya zamani yalikuwa yanayafanya bila shida, waliolipa pesa nyingi zaidi ndio wakawa wanasubiri apdeti. Na Machi 2019, Florida hukohuko, Tesla nyingine, Model 3 ya kizazi kipya, ikaingia chini ya trela vilevile na dereva akafa. Kamera 8, kosa lilelile. Hapo ndipo nilipoacha kuamini hesabu ya idadi ya kamera.

Baadaye wakabadilisha tena, 2019 wakaweka chipu yao wenyewe, 2021 wakaanza kutoa rada, 2022 wakatoa na zile sensa za bampa, gari likabaki linategemea kamera tupu. Februari 2022 serikali ya Marekani ikafungua uchunguzi baada ya malalamiko 354 ya magari yanayofunga breki ghafla barabara ikiwa nyeupe, hakuna kitu mbele.

Lakini lazima nisifie panapostahili. Hadiwea ya nne, yaani kizazi cha nne cha kompyuta na kamera zao, iliyoanza 2023, pamoja na softiwea ya 2024 ambayo haiandikiwi tena kanuni moja moja bali imejifunza kwa kuangalia video za madereva, aisee ni ulimwengu mwingine. Nimekaa kwenye paking ya supamaketi limesimama lenyewe likamwacha mama anayesukuma toroli apite, likaona gari lingine linarudi nyuma, likasubiri tena, halafu likatoka taratibu likakata kushoto mbele ya magari yanayokuja bila kuchelewa wala kuharakisha. Ile ya 2015 isingeweza hata kuanza.

Na hapo ndipo ninapoogopa. Likiendesha vizuri hivyo kwa saa nzima akili inaondoka yenyewe, unaanza kufikiria bili na ada za watoto, na ukija kuhitajika zimebaki sekunde mbili. Zamani gari lilikuwa linapima kama mkono wako unagusa usukani, watu wakawa wananing'iniza vitu vizito kulidanganya. Sasa kuna kamera juu ya kioo cha ndani inaangalia macho, ukitazama simu linalia. Desemba 2023 Tesla ilibidi irekebishe magari zaidi ya milioni 2 hapa Marekani kwa sababu ya hilohilo, usimamizi wa dereva ulikuwa hautoshi.

Sasa nyumbani. Ukichukua mfumo uliofundishwa na barabara za Marekani, watu wanapita kulia, mistari imechorwa, ukaupeleka Mbagala saa kumi na mbili jioni, bodaboda tatu upande huu, bajaji inageuza, mkokoteni wa maji mbele, tuta halina rangi, mimi sioni sababu ya kuutamani leo. Kinachotufaa ni kitu kidogo cha kizazi cha zamani, breki ya dharura, ile inayofunga yenyewe ukiwa umechelewa. Haihitaji mistari, haihitaji ramani, na wewe unabaki dereva muda wote.

Na inauma kwa sababu tayari tunayo! Magari mengi ya mtumba yanayotoka Japani, ya kuanzia 2015 hivi, Nissan Leaf za umeme na hata Toyota za kawaida, yana kamera ya breki hiyo nyuma ya kioo cha mbele na mengine yana rada nyuma ya nembo. Yanafika bandarini yakiwa mazima. Halafu kioo kinapasuka na kokoto la lori njia ya Chalinze, fundi anaweka kingine, kamera anaigandisha kwa kukadiria na macho tu. Ikipinda digrii moja tu, mita 60 mbele imekosea mita nzima, yaani mtu anayetembea kando anaweza kuonekana yuko leni yako au aliye mbele yako akaonekana yuko kando. Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, maandishi ya Kijapani, mwenye gari anaambiwa haina shida bosi, tembea.

Ina shida. Kuipanga upya kamera ili itazame sawasawa mara nyingi kunahitaji sakafu iliyo sawa, ubao maalumu unaowekwa mbele ya gari kwa vipimo, na skana, kifaa cha kuongea na kompyuta ya gari husika. Wadau mnaotuma pesa nyumbani kufungua biashara, acheni kidogo duka la vipodozi la kumi mtaa uleule, mnunulieni fundi anayejielewa huo ubao na skana. Na unayenunua gari, kabla ya kuuliza rimu na muziki, uliza kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa, na nani aliipanga kamera.