Harusi Iliyovamiwa Karuma

Basi la Kampala kwenda Arua hutambaa karibu kilomita 500, na televisheni yake, siku ikiamua kuwaka, huonyesha nyimbo zile zile nne tangu stendi hadi mwisho wa safari. Safari hii nikasema hapana. Nina laptopu, betri yake inakaa saa mbili na ushee, na mjomba wangu wa Bombo ana sanduku zima la DVD.

Nikaenda kwake jioni.

"Usizichubue, mjomba," akaniambia, naye akaenda zake msikitini.

Nikachagua kumi. Nyingi zilikuwa za kivijei. Kwa mtu asiyeijua Uganda: vijei ni bwana anayekaa na kipaza sauti, akaitafsiri filamu kwa Kiganda huku akichomeka utani wake mwenyewe, na mara nyingi utani huo unaishinda filamu. Nikazipangusa kwa pindo la shati moja moja, nikaanza kunakili. Laptopu ilikoroma kama mgonjwa wa pumu. Kila DVD ilikula karibu nusu saa, kwa hiyo tangu magharibi hadi usiku wa manane nilikuwa mtu wa kuchomoa na kuchomeka.

Sasa hapa ndipo ujinga wangu ulipokaa mkao wa kula. Ndani ya DVD ya filamu mna folda ya VIDEO_TS, na filamu yenyewe imekatwa vipande visivyozidi GB 1 kila kimoja. Vipande hivyo vinaitwa VTS_01_1, VTS_01_2, VTS_01_3, na kuendelea. Ukifungua DVD nyingine, majina ni yale yale! Ni kama kijiji ambacho kila nyumba kifungua mimba anaitwa Juma. Nami nilifungua folda moja tu, nikaiita FILAMU ZA SAFARI, nikawamwaga akina Juma wote humo.

Kuanzia DVD ya pili laptopu ikawa inaniuliza jambo kwa Kiingereza. Nilidhani ni adabu tu, kama mtu anavyokuuliza "umeamkaje" huku akipita. Nikabonyeza ndiyo. Ya tatu, ndiyo. Kufika ya tano nilikuwa nabonyeza hata kabla haijamaliza kuuliza. Kumbe ilikuwa ikisema: yupo Juma mwingine humu, nimtupe?

Tena dalili nilipewa. Nilianza na GB 60 tupu, nikamaliza nikiwa na 55 na kitu, ilhali DVD kumi hazikosi kutaka GB 30 au 40. Mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nilimshukuru Mungu kwa kunipa laptopu inayojua kubana matumizi.

Kesho yake ndani ya basi nikajitangaza. "Nina filamu kumi," nikamwambia mama niliyeketi naye, kwa sauti ya kuwafikia hata wa siti za nyuma. Basi liliposimama kwa wauza gonja, yaani ndizi za kuchoma, na mishikaki, nilishapata wateja. Mama alilipa kiingilio kwa gonja mbili. Mzee mmoja wa nyuma alitoa mshikaki, vijana wawili wakaja kusimama kwenye ujia bila kulipa, na konda akaangalia bure kwa cheo chake.

Nikafungua. Ikatokea harusi ya dada yangu.

Nilikuwa nimesahau kwamba DVD ya mwisho, ile niliyoichomeka huku macho yamefumba kwa usingizi, haikuwa na jalada. Nikatafuta filamu nyingine kwenye folda, nikakuta vipande vitano tu. Nikataka kuzima.

"Acha, mwanangu," mama akanishika mkono. "Harusi nayo ni filamu. Halafu huyu si wewe?"

Ni mimi. Suti ya kuazima, mikono yake imenifunika hadi kucha, nacheza dholuka, ngoma ya Wanubi, kinyumenyume mpaka nikaangukia kreti la soda. Basi zima likacheka. Konda akaomba nirudishe nyuma, nami nikarudisha, kwani kiingilio nilishakila.

Tulipolikaribia daraja la Karuma, nyani wamejaa kandokando ya barabara wakingoja maganda ya ndizi, hakuna aliyewatazama. Dada yangu ameshika kisu, anakata keki. Kisu kinashuka... na kipande cha pili kikaishia hapo. Harusi haikuwa na cha tatu, kwa hiyo Juma wa tatu aliyebaki humo alikuwa mkia wa filamu ya kung-fu. Ghafla wanaume kumi na mapanga wanarukia mezani, vijei anapiga kelele, "Bamukube!" yaani wampige.

"Mungu wangu!" mama akapiga kelele. "Wamevamia harusi!"

"Na wewe ulikimbilia wapi?" mzee wa mshikaki akaniuliza kwa ukali. "Dada yako anapigwa, hatukuoni!"

Nilijaribu kueleza habari za akina Juma. Nani anisikilize? Kipande cha nne na cha tano vilikuwa vya filamu ya Kihindi, na kwa bahati yangu mbaya vilianza na mwanamke aliyevaa nyeupe tupu analia kwenye mvua.

"Maskini," mama akasema taratibu. "Mume ameshakufa."

Hapo betri ikazima. Kioo kikawa cheusi, na ujia mzima ukabaki unanitazama. Vijana wawili walitaka kujua kama wale wavamizi walikamatwa. Mzee hakuniuliza tena kitu. Alinihesabu kuwa mwoga, akageukia dirisha.

Nebbi mama akateremka. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa shilingi 2,000, akanifumbatisha mkononi.

"Mpelekee dada yako, mwanangu. Mwambie nimempa pole."

Dada yangu yuko Kampala, ana watoto watatu, na mume wake ndiye aliyenikatia tiketi.