Hiyo kamera mliyoibandika gundi bado inaona

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha harusi ya mdogo wangu kwenye moja ya hizi hoteli mpya za hapa Dar zenye taa za njano na viti visivyokalika. Kikao kilichelewa saa moja na nusu, kama kawaida yetu, nikaanza kuzungukazunguka. Kati ya mapokezi na mgahawa kuna rafu ya mbao iliyo wazi pande zote mbili, wamepanga vitu vya kale: pasi ya mkaa, redio ya mbao, taipureta isiyo na herufi M, na kamera ya filamu, Olympus Trip 35. Nikanyoosha mkono niichukue. Haikunyanyuka. Wameipiga gundi.

Gundi, jamani!

Pasi ya mkaa sina ugomvi nayo, hakuna anayeililia. Taipureta bila M huwezi kuandika hata "mama". Lakini Trip 35 si marehemu. Mnabandika kitu kizima kwenye rafu kama pembe la swala, kisha mnaita mapambo.

Baba alikuwa nayo. Aliinunua kwa baharia mmoja bandarini, miaka ya sabini, na mpaka leo mama anaamini kwamba bei aliyotajiwa siyo iliyolipwa. Mfuko wake wa ngozi uliisha kwa mende, kwa hiyo kamera ililala kabatini ndani ya soksi nyeusi. Ilitoka Idi zote mbili, ikitoka zaidi ya hapo ujue kuna harusi au kuna mtu amefaulu. Mkanda wa picha 36 ulimaliza mwaka. Baba alikuwa anatangaza hesabu kama kondakta: "Zimebaki nne, anayetaka kucheka acheke sasa hivi." Ndiyo maana kwenye albamu yetu watoto wote tumekaza nyuso kama tumeitwa polisi.

Nilipoirithi sikuijali. Siku moja nikampelekea fundi redio Kariakoo anitafutie betri, maana nilizunguka chini juu sikuona pa kuweka. Mzee akaigeuza mara mbili, akacheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, hii haili betri. Hii inakula jua."

Na kweli. Ule mduara wa vijibonge vya kioo unaouona kuizunguka lenzi, kama sega la nyuki, chini yake kuna seleniamu. Mwanga ukiipiga unazaliwa umeme kidogo, wa kusukuma mshale mmoja tu ndani ya kamera. Ukibonyeza kitufe, mshale unabanwa pale ulipofika, na pale ulipobanwa ndipo kamera inapoamua tundu la lenzi lifunguke kiasi gani na shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga, iende 1/40 ya sekunde au 1/200. Hakuna kompyuta humo. Giza likizidi, ndani ya kidirisha cha kuchungulia kinainuka kijibendera chekundu na kitufe kinagoma kushuka. Kamera inakukatalia! Simu yangu haijawahi kunikatalia picha hata moja, ndiyo maana ina picha elfu kumi na moja ambazo sizitazami.

Trip ilianza kuuzwa 1967 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1984. Miaka 17 bila kubadilishwa la maana. Nitajieni simu yenye bahati hiyo.

Ila mimi sikunaswa na mshale. Nilinaswa na kioo. Kwenye uso wa lenzi kumeandikwa D.Zuiko 40mm f/2.8, na kwa miaka nilidhani D ni urembo tu. Kumbe ni hesabu: D ni herufi ya nne, na humo ndani kuna vioo vinne. Ukikuta F.Zuiko ujue ni sita. Zuiko lenyewe kwa Kijapani ni nuru ya heri. Mpangilio huo wa vioo vinne, viwili vya mbele vimesimama mbalimbali na viwili vya nyuma vimegandamana, asili yake ni Tessar, lenzi ambayo Paul Rudolph aliibuni kule kampuni ya Zeiss, mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1902. Yaani baba alikuwa amebeba kwenye soksi hesabu ya zaidi ya nusu karne, na hakuna aliyemwambia.

Nilitia mkanda, nikaenda Feri asubuhi ya saa moja, boti zikiwa zimeshaingia. Fokasi ya Trip unakadiria umbali mwenyewe kwa michoro minne: kichwa cha mtu mmoja, watu wawili, kikundi, na mlima. Nikazungusha kwenye watu wawili, ndiyo mita moja na nusu, nikampiga mzee mmoja anayeparua changu. Picha iliporudi nilikaa nayo muda mrefu. Magamba yamemrukia kwenye nywele za mkono na unaweza kuyahesabu. Kisu kina ute, na kwenye ute kuna mstari mmoja wa jua. Halafu kuelekea pembeni picha inaanza kulegea, pembe zinakuwa na kivuli kidogo, watu wa nyuma wamebaki rangi tu. Jicho linaenda kwa mzee lenyewe, halijasukumwa. Simu ingenipa kila kitu kikali, mzee, changu, ndoo, bango la soda kule nyuma, vyote vinapiga kelele kwa pamoja.

Ndiyo, najua. Kuna programu inayofanya picha ionekane ya kale. Mtu ananunua simu ya milioni mbili, inayotoa picha safi kuliko jicho la mwewe, kisha anapakua kitu cha kumwekea vumbi la bandia na tarehe ya bandia ya 1998. Mwaka huo yeye hajazaliwa. Hongera.

Nimeshamega mshahara nikaongeza nyingine, mke wangu asisome hapa. Olympus XA ya 1979, kazi ya Yoshihisa Maitani, mbunifu wa kamera za Olympus, inaingia kwenye mfuko wa shati, unatelezesha kifuniko na lenzi iko pale tayari, haichomozi hata chembe. Hiyo ni F, vioo sita. Maitani huyohuyo ndiye aliyeleta Pen mwaka 1959, inayokata fremu nusu, mkanda wa 36 unatoa picha 72. Baba angekuwa na Pen tungecheka hadi Pasaka ya majirani. Kamera ya Contax T2 siigusi. Lenzi yake ya Sonnar ni tamu, sikatai, lakini bei yake sasa hivi ni ya watu mashuhuri, na umeme wake ukifa umebaki na jiwe la titani.

Haya, niseme na yenu, maana najua mtanijazia maoni. Mkanda ni ghali, na wa kwangu unasubiri shemeji atoke Dubai. Wanaosafisha filamu ni wachache, na mmoja wao, simtaji, aliniunguzia mkanda mzima wa Bagamoyo kisha akanidai hela ya dawa. Usiku Trip ni mzigo, mwisho wake ni filamu ya ASA 400 (ASA ni kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga), na kwenye ukumbi wa harusi kile kijibendera kitakuwa kinakupungia tangu saa mbili. Kupiga sherehe nzima nayo ni ujinga. Nimekubali. Inatosha.

Na unyevu wetu huu wa pwani! Kuvu linaota ndani ya lenzi kama mizizi ya mkoko, nyuzi nyeupe, siku unagundua umeshachelewa. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu kwenye maboksi ya viatu msivitupe. Tieni kwenye kopo lenye mfuniko, wekeni na kamera humo. Soksi ya baba ilinusurika kwa neema tu.

Unguja, studio ya Capital Art ya Ranchhod Oza ilifunguliwa 1930, na picha zake bado zinatuonyesha watu waliokwishaondoka. Mimi picha za harusi yangu mwenyewe, za mwaka juzi tu, zilikuwa kwenye simu iliyotumbukia pantoni ya Kigamboni. Sina la kuongeza hapo.

Turudi hotelini. Nikazunguka nyuma ya rafu, nikapiga magoti, suti na yote. Lile gurudumu dogo la kuvutia mkanda liko mgongoni na gundi haikulifikia. Nikalisukuma kwa kidole gumba, likasaga taratibu, likagoma. Dalili nzuri, shata imejivuta. Nikaweka jicho kwenye kidirisha, nikabonyeza. Kijibendera chekundu kikainuka.

Miaka yote hiyo, vumbi lote hilo, na taa zao za njano. Inasema tu kwamba mwanga hautoshi.

Nikamwita mdogo wangu, bwana harusi mwenyewe, nikamwambia awashe tochi ya simu amulike lenzi kwa karibu. Akamulika huku anatazama pembeni kama hanijui. Nikabonyeza tena. Kitufe kikashuka laini mpaka chini.

Tik.

"Kaka, samahani," binti wa mapokezi alikuwa amesimama juu yangu, "hivyo ni vya kuangalia tu."

Nikamuuliza wanaiuza kiasi gani. Akasema atamuuliza meneja. Leo ni Alhamisi, nimeshapiga simu mara tatu.