Joe Harriott hakuwa kivuli cha mtu

Juzi usiku nimeangalia dokumentari moja ya historia ya jazz ya Uingereza, ndefu tu na imetengenezwa kwa hela inayoonekana, na kwenye muda wote huo Joe Harriott, mpiga saksafoni wa Jamaika aliyehamia London, kapewa sentensi moja. Moja! Eti ndiye Ornette Coleman wa Uingereza, yaani nakala ya yule mpiga saksafoni Mmarekani wa jazz isiyofuata utaratibu, basi, picha ikapita, wakarudi kwa Ronnie Scott na klabu yake. Nimezima, nimelala na hasira na nimeamka nayo, ndiyo maana naandika.

Kwetu huku ukitaja Jamaika mtu anakurudishia Bob Marley, na simlaumu, wengi tumeingilia mlango huo. Ila ile bendi iliyowapigia Marley na wenzake Simmer Down, wale Skatalites, wanne kati ya waanzilishi wake, Don Drummond, Tommy McCook, Lester Sterling na Johnny Moore, wamepita shule moja pale Kingston inaitwa Alpha, na Joe Harriott naye kapita hapohapo. Dizzy Reece hapohapo. Wilton Gaynair hapohapo. Harold McNair hapohapo. Yaani shule moja ya masista wa Kikatoliki imechangia kuzaliwa kwa ska, mama wa reggae, na bado ikapelekea London wapulizaji waliowabadilishia Waingereza jazz yao.

Na haikuwa shule ya watoto wa wakubwa. Ilianza 1880, ya yatima na watoto walioshindikana nyumbani au ambao nyumbani kwenyewe hakuna kitu, mtoto anafika anafundishwa kazi ya mikono, kushona, kuchapa vitabu, bustani, na akionekana ana sikio anaingizwa bendi. Bendi ya matarumbeta, ya kijeshi kabisa, nota unasoma kila siku utake usitake. Halafu palikuwa na Sista Mary Ignatius Davies, huyu mama nampenda bila kumjua, alikuwa na shehena ya santuri na anawawekea vijana wasikilize. Joe kakulia humo. Kwa hiyo mtu anaposema Harriott alikuwa na kipaji cha kuzaliwa tu huwa naudhika, kwa sababu kile ulichokuwa unakisikia kwenye saksafoni yake, ule mdomo wa bata, ile sauti iliyonyooka kama upanga, nyuma yake kuna miaka ya mazoezi chini ya masista ambao hawakuwa na mchezo.

Kingine, hii tabia ya kuanza kila hadithi ya Wajamaika Uingereza na meli ya Windrush, ile iliyowaleta Wakaribi Uingereza tarehe 22 Juni 1948, inanichosha. Meli ni muhimu, sawa. Lakini Leslie Thompson, mpiga tarumbeta wa Kingston aliyezaliwa 1901, alishakuwa amesomea muziki wa jeshi pale Kneller Hall baada ya vita ya kwanza, akarudi London akafanya kazi, akazunguka Ulaya na Louis Armstrong mwenyewe katikati ya miaka ya 30, na 1936 akaunda bendi ya watu weusi watupu pamoja na Ken Johnson wa Guyana. Ile bendi ndiyo Johnson aliyobaki nayo, ndiyo iliyokuwa inapiga Café de Paris usiku wa tarehe 8 Machi 1941 bomu la Wajerumani lilipoingia ukumbini na kumuua. Leslie Hutchinson, Mjamaika mwingine wa tarumbeta, alikuwa kwenye bendi hiyo, na baadaye akaongoza ya kwake. Coleridge Goode alitua Glasgow mwaka 1934 kusomea uhandisi wa umeme, akaishia kwenye besi, na Januari 1946 Django Reinhardt alipokutana tena na Stéphane Grappelli baada ya vita wakaingia studio London, aliyekuwa anavuta besi ni huyo Goode wa Kingston. Hiyo ni miaka miwili kabla ya Windrush kutia nanga Tilbury.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa dokumentari walipaswa kulisema na hawakulisema. Kuanzia 1935 mpaka katikati ya miaka ya 50, kwa ubishi wa vyama vya wanamuziki vya pande mbili na serikali kuingilia, bendi za Wamarekani zilikuwa karibu haziruhusiwi kupiga Uingereza. Karibu miaka ishirini. Sasa Mwingereza anayetaka kuona jazz inapigwa mbele yake na mtu mweusi ataiona wapi? Ataiona kwa Mjamaika, kwa Mtrinidad, kwa mtu wa Guyana, kwa sababu hao walikuwa raia wa himaya, hakuna wa kuwazuia bandarini. Hawa ndio waliolishikilia jukwaa muda wote huo. Ukilijua hilo huwezi tena kuwaweka pembeni kama wageni waalikwa.

Turudi kwa Joe, maana ndiye aliyenikosesha usingizi.

Kazaliwa Kingston 1928, kaingia Uingereza 1951 akiwa na bendi ya Ozzie Da Costa, na hakurudi kuishi kwao tena. Miaka ya mwanzo alikuwa anapiga bebop, ile jazz ya kasi ya Wamarekani, na aliipiga kiasi kwamba kila mtu London alikuwa anamfananisha na Charlie Parker, na hapo ndipo ugonjwa wa kumfananisha ulipoanza, kwanza Parker, baadaye Coleman, kama vile mtu huyu hawezi kusimama bila Mmarekani wa kumshika mkono. Kwenye kaburi lake kule Bitterne, Southampton, yamechongwa maneno yake mwenyewe kuhusu Parker, kwa kifupi anasema hata huku wapo wenye karata zao nzuri. Alikuwa anajua thamani yake huyo bwana.

Halafu akaugua mapafu, akalazwa muda mrefu. Pale kitandani ndipo alipoufikiria upya muziki wake wote. Akatoka na wazo ambalo wenzake wengine hawakulitaka, waliobaki naye wakawa Shake Keane wa St Vincent kwenye tarumbeta na flugelhorn, mshairi yule, Goode kwenye besi, Pat Smythe Mskoti kwenye piano, na Phil Seamen kwenye dramu. Novemba 1960 wakarekodi albamu ya Free Form. Ornette Coleman aliingia studio New York kurekodi Free Jazz tarehe 21 Desemba 1960. Hesabuni wenyewe nani alimwiga nani.

Najua mtanijibu nini, na nakubali kwa shingo upande: Coleman alikuwa ameshatoa rekodi tangu 1958, na mwisho wa 1959 pale klabu ya Five Spot, New York, jiji zima lilikuwa linamjadili, na habari zilikuwa zinavuka bahari. Joe hakuwa anaishi pangoni. Inawezekana kabisa alisikia kwamba kuna jamaa kule anavunja utaratibu. Sawa. Lakini kusikia kwamba kuna mtu anavunja utaratibu na kuiba namna yake ya kuuvunja ni vitu viwili tofauti, na hapa masikio yanatosha kuwa hakimu. Coleman kwenye bendi yake maarufu alitoa piano kabisa. Joe piano kaibakiza, tena kaipa kazi nzito, Smythe anaingia na vipande vidogo vya kuuliza swali halafu anajiondoa. Kwa Coleman kwenye zile rekodi za kabla ya Free Jazz besi na dramu kwa kawaida zinakimbia mwendo wa swing, ule wa jazz ya kawaida, chini yake, na wapulizaji wa juu wanapokezana solo. Kwa Joe ule mwendo wenyewe ndio unaochezewa. Dramu zinanyamaza katikati, besi inabaki peke yake, Goode anachukua upinde anavuta taratibu, mnadhani wimbo umekufa, mara tarumbeta na saksafoni zinarudi pamoja kwa kishindo na mwendo tofauti kabisa na ule mliouacha.

Na alieleza mwenyewe utaratibu wake wakati ule, haikuwa siri. Jazz ina vitu vyake vya kudumu, mapigo yasiyobadilika, mwendo wa nne kwa nne, mfuatano wa kodi (chords) unaoutabiri, mipaka ya baa (yale mafungu ya mapigo). Yeye alisema katika kila kipande atabakiza angalau kimoja, vingine vinaweza kuondoka. Angalau kimoja! Hiyo ni akili iliyokaa ikapanga, si mtu aliyesikia santuri ya mwenzake akakurupuka. Kila kipande kina kitu kilichobakizwa na kazi yako msikilizaji ni kukishika hichohicho ili usipotee, na ukishakishika, mimi nakwambia, utakaa na ile albamu mpaka usiku uishe. Ikafuata Abstract, iliyorekodiwa 1961 na 1962, na Down Beat, gazeti la Wamarekani wenyewe, likaipa nyota tano, kitu ambacho halikuwa limewahi kuipa rekodi ya jazz iliyotengenezwa Uingereza. Wamarekani walimsikia. Nyumbani wakosoaji wakagawanyika, wasikilizaji wakanuna, waandaaji wakamwomba arudie kupiga kama zamani.

Sasa kwa nini ilikuwa rahisi kuamini kaiga? Mimi nalisema wazi. Kwa sababu alikuwa mvulana mweusi kutoka kituo cha masista Kingston, na watu hawakuwa tayari kukubali kwamba wazo jipya kabisa la muziki linaweza kuzaliwa kwenye kichwa chake. Kumbukeni ilikuwa Uingereza ipi. 1958 vijana wa kizungu walikuwa wanawawinda Wakaribi mitaani Notting Hill. Sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi sehemu za starehe na za umma imekuja 1965, na mpaka 1968 mwenye nyumba alikuwa anaweza kukunyima chumba kwa rangi yako na hakuna wa kumshtaki. Mtu anaumba muziki mpya usiku, asubuhi anahangaika na mahali pa kulala. Halafu mnamwita nakala.

Wengine nawapitia haraka, si kwa sababu ni wadogo. Dizzy Reece kafika 1948, tarumbeta la moto, kampuni ya rekodi ya Blue Note ya Marekani wakatoa albamu yake Blues in Trinity iliyorekodiwa 1958, mwaka uliofuata akahamia New York na Waingereza wakawa wamempoteza. Wilton Gaynair kahamia Ujerumani. Harold McNair filimbi yake mmeisikia bila kujua, ndiyo ile ya kwenye filamu ya Kes ya 1969, akafa 1971 hata arobaini hajafika. Ernest Ranglin ndiye aliyepanga My Boy Lollipop ya Millie Small mwaka 1964, ile iliyofika namba mbili Uingereza na Marekani, na mwaka huohuo huyohuyo alikuwa anacharaza gitaa la jazz usiku pale Ronnie Scott's watu wanabaki midomo wazi. Mtu mmoja! Halafu kwenye hiyo dokumentari hajatajwa kabisa.

Ile miradi ya Joe na mtunzi John Mayer wa Calcutta, Indo-Jazz Suite na zilizofuata, mimi sizipendi sana kama zinavyosifiwa, nota za Mayer zimebana, unasikia Joe anasubiri zamu yake. Lakini 1966 nani mwingine alikuwa anakaa chumba kimoja na sitar na tabla kwa bidii ile? Nawapa hilo.

Mwisho wake unauma. Kundi lilivunjika, Keane kahamia Ujerumani 1965, Joe akawa anazunguka miji peke yake anapiga na watatu wowote atakaowakuta ukumbini, analala kwa watu. Saratani ikamshika. Kafa Southampton tarehe 2 Januari 1973, ana miaka 44, mfukoni karibu hakuna kitu. Mtu aliyeipa nchi ile muziki wake wa kwanza wa jazz usiokopwa Marekani. Sina namna ya kulipunguzia uzito hilo na sitaki.

Goode yeye aliishi mpaka 2015, kafikisha miaka 100, kwa hiyo watengenezaji wa vipindi walikuwa na miongo ya kwenda kugonga mlango wa mzee na kumuuliza ilikuwaje.

Na hii siyo habari iliyokufa. Gary Crosby, mpiga besi, ni mpwa wa Ernest Ranglin, na 1991 alianzisha Tomorrow's Warriors akiwa na Janine Irons, wanafundisha vijana London bila kuwatoza, na humo wamepita Nubya Garcia, Moses Boyd na wale Ezra Collective waliochukua tuzo ya Mercury ya Uingereza 2023, bendi ya kwanza ya jazz kuichukua. Dokumentari iliwaonyesha hao vijana dakika za mwisho kwa shangwe kubwa na kusema kizazi kipya kimeibuka. Kimeibuka kutoka wapi? Mjomba wa mwalimu wao alikuwa Gerrard Street, pale kwa Ronnie Scott, na gitaa lake mwaka 1964!

Kama hamjawahi kumsikiliza Joe, anzeni na Abstract, siyo Free Form, maana Abstract inakushika mkono kidogo. Kaeni na besi ya Goode kwanza, msihangaike kuifuata saksafoni. Mkimaliza ndipo mrudi Free Form, kisha mtafute Coleman wa 1959, mzipige zote siku moja, halafu mje hapa kwenye maoni mniambie kama mmesikia nakala.