Marehemu Kaja Kula

Najua mmeshasikia. Grupu linawaka tangu jana usiku, mpaka shangazi yangu wa Korogwe, ambaye kazi yake humo ni kutuma maua ya asubuhi njema, kaniuliza, "Mwanangu, eti wamekuvua nguo Japani?" Shikamoo shangazi. Hawakunivua. Ilifunguka yenyewe.

Na ile habari kwamba niliingia bafu la wanawake ni uzushi wa huyu ninayegawana naye chumba. Pazia la wanaume lilikuwa la buluu, la wanawake jekundu, na mimi rangi naziona. Tena bafuni nilifanya vizuri kuliko yeye. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua, unajimwagia mpaka povu lote liishe, ndipo unaingia kwenye maji ya chemchemi, moto kwelikweli, uko kama ulivyozaliwa, kitaulo umekiweka kichwani maana hakitakiwi kugusa maji. Yeye aliingia na kitaulo chake, mzee mmoja akakohoa. Hilo kawaambia? Aa wapi.

Msiba wangu ulikuja baadaye, nikiwa nimevaa.

Ni hivi. Tuko Hakone, milimani, kwenye ryokan, nyumba ya wageni ya kizamani yenye sakafu za mbao na milango ya karatasi. Viatu humo vina sheria kuliko barabara ya Morogoro. Mlangoni unavua vyako, unapewa ndala za kahawia za kutembelea koridoni. Ukifika kwenye mikeka ya tatami, unavua na hizo. Ukienda chooni unaacha za kahawia nje, unavaa za choo zinazokusubiri ndani. Ukitoka unabadilisha tena.

Hapo kwenye "ukitoka" ndipo niliposahaulishwa. Nasema nilisahaulishwa kwa sababu nilikuwa bado chooni, huyu bwana anagonga mlango: "Kaka, chakula saa 12 na nusu! Hawa hawajui mambo ya 'nipo njiani'!" Nikatoka mbio.

Mwilini nina yukata, lile joho la pamba wanalokuwekea chumbani. Nimelifunga nilivyozoea kufunga kikoi, upande wa kulia juu, mkanda nimeupandisha mpaka mbavuni. Mwenzangu kanitazama, akatabasamu, akasema, "Umependeza." Zingatieni hilo neno. Huyu mtu alikuwa ameshasoma kila kitu kwenye simu yake.

Tukafika ukumbi wa chakula. Ndala za kahawia zimepangwa mstari mmoja ukingoni mwa mikeka. Nikavua zangu, nikazipanga vizuri pamoja na za wenzangu, nikapanda. Mama mhudumu, kavaa kimono, kapiga magoti pale, kazi yake kuzigeuza ndala zote zitazame nje ili ukitoka uvae moja kwa moja. Kageuza moja. Kageuza nyingine. Akafika kwenye zangu. Mkono ukasimama hewani.

Nikatazama na mimi. Plastiki ya buluu. Juu yake, kwa herufi nyeupe ambazo hazihitaji Kijapani, WC.

Mama wa watu hakusema neno. Akazichukua kwa mikono miwili, akainuka, akaenda nazo taratibu koridoni, mbele ya wageni wote, mpaka zilikotoka. Akarudi na za kahawia. Mimi nikashukuru Mungu, nikajua yameisha.

Hayakuisha. Akanitazama kifuani. Uso ukambadilika. Akaweka mkono kwenye kifua chake, akaupitisha kulia, akaupitisha kushoto, akainamisha kichwa. Sasa mimi mtu wa Tanga, mtu akiniwekea mkono kifuani naelewa kitu kimoja tu: ananikaribisha kwa moyo. Nikaweka wangu kifuani, nikainama. Akarudia, kwa haraka zaidi. Nikarudia, nikainama zaidi, adabu isipungue. Mzee wa meza ya jirani akaweka vijiti chini. Mkewe akafunika mdomo. Mama akarudia mara ya tatu, karibu analia. Na mimi nikainama mpaka chini kabisa, ile ya kumwinamia mama mkwe.

Mkanda ukalegea.

Ukumbi mzima ukaona bukta yangu. Ni ya njano na kijani. Mwenzangu, mnamjua, ni mtu wa Msimbazi. Kwa hiyo mnaelewa kwa nini simu ilikuwa tayari mkononi mwake.

Ndipo aliponinong'oneza, machozi yanamtoka: Wajapani huvaa upande wa kushoto juu. Kulia juu huvikwa maiti. Yaani mchana nimekula yai jeusi la Owakudani, lile wanalosema linaongeza miaka 7 ya kuishi, jioni nimeingia kula nikiwa na sanda na ndala za choo.

Haya, mengine hayana maana. Nilifungwa upya nyuma ya kiwambo, nikala vile visahani vyote bila kuinua macho. Tuliporudi chumbani meza imesogezwa, magodoro yametandikwa chini, nikajifunika gubigubi. Bahashishi nilitaka kumpa yule mama, mwenzangu akanizuia, kumbe hawapokei. Hilo angalau aliniambia.

Asubuhi nikashuka nimefunga kushoto juu, fundo limenibana mpaka pumzi inapita kwa foleni. Yule mzee alikuwa anakula samaki wake na supu ya miso. Aliponiona akaacha, akaweka mkono kifuani, akainama mpaka chini kabisa. Kwa heshima zote. Mkewe akamfinya.

Mwenzangu akapiga picha. Hiyo ndiyo mnayoiona kwenye grupu. Ile ya bukta bado anayo, na tangu asubuhi kila tunapopita mgahawani ananiuliza kama nimebeba pesa.