Mzee Alivianika Barazani

Siku mgeni rasmi alipotembelea maabara yetu ya Dar es Salaam, nilipangiwa kumwonyesha vipande vya kioo vyenye vijiti vya oksidi ya zinki, vyembamba kiasi kwamba havionekani bila darubini ya elektroni. Hewa hunaswa kati ya vijiti hivyo, na tone la maji, kwa kukosa pa kushika, hujiviringa na kuteleza. Mwaka 2004 watafiti wa China walionyesha kwamba vioo vya namna hiyo vikimulikwa miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana iliyomo hata katika mwanga wa jua, kwa saa mbili huanza kuyapenda maji: pembe ambayo ukingo wa tone hufanya na kioo hushuka kutoka nyuzi 161 hadi karibu sifuri, na vikikaa gizani siku saba huyakataa tena. Kwa hiyo vyangu nilivifungia katika kasha jeusi lililoandikwa kwa herufi kubwa: USIFUNGUE.

Mgeni, ambaye hakupenda kusimuliwa tu, aliikunja hotuba yake, akaiweka chini ya kioo ili kiinuke upande mmoja, kisha akadondosha maji mwenyewe. Nilikwisha kutamka, “Mheshimiwa, tazama linavyobingirika,” lakini tone halikubingirika. Lilitandaa hadi ukingoni, likateremkia kwenye hotuba, na wino wa aya ya kwanza ukaanza kuhama. Akidhani maji hayakutosha, akaongeza mengine. Aya ya pili nayo ikaondoka.

Mzee wetu wa usafi, aliyekuwa mlangoni na ndoo yake, alitabasamu kwa fahari.

“Mwanangu, vioo vyako nilivikuta vimefungiwa gizani, nikaona vitaota ukungu. Nikavianika barazani tangu asubuhi.”

“Na maandishi juu ya kasha, mzee wangu?”

“Miwani niliisahau nyumbani.”

Jua la huku, tena la mwezi wa pili, halina haja ya kusaidiwa na taa ya maabara.

“Ulivianika vyote?”

“Kasoro kimoja. Sinia ilijaa.”

Kikatolewa kashani hicho kimoja. Tone likabingirika juu yake hadi ndani ya bakuli bila kuacha hata unyevu, na mgeni akapiga makofi, akampa mzee mkono kwa kuandaa jaribio lililoonyesha pande zote mbili. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli.

Ndipo mgeni alipoikunjua hotuba yake, akaigeuza huku na huku akitafuta mstari uliosalia. Ukumbini watu walikwisha kuketi.

Mzee akaweka ndoo chini, akanyoosha mikono yote miwili.

“Nipe, mheshimiwa, nikaianike.”