Shemeji Ananidai Masaa Nane

Mimi na huyu shemeji wangu tutakosana na sababu wala si shamba, ni saa. Januari nilienda kumwona binti yangu New Jersey, nikapanda ile ndege ya moja kwa moja Nairobi hadi New York, hii safari iliyoanza Oktoba 2018, zamani si ulikuwa unashushwa Ulaya ama Dubai unazurura na mkoba hadi upate ndege ingine. Tikiti imeandikwa naondoka saa tano na nusu usiku, nafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Shemeji akaichukua, akahesabu kwa vidole, akasema ni masaa saba tu, hata basi la Kisumu linachukua hayo, kwa hivyo hizo habari za mgongo niwaambie wageni.

Masaa saba! Mtu wangu, nimekalia kiti masaa 15, kilomita karibu 11,800, hiyo ni Nairobi hadi Mombasa mara 24 mfululizo bila kushuka Mtito Andei kunyoosha miguu. Na giza je? Ndege inakimbilia magharibi, asubuhi inaifuata kwa nyuma haiifikii, unalala unaamka ni usiku, unalala tena unaamka bado ni usiku, nikachungulia ile ramani ya kwenye skrini, Sahara ndiyo hiyo hiyo niliyoiacha kabla sijasinzia. Tumetua New York hata jua halijatoka!

Nikamweleza shemeji polepole kama mwalimu, kwamba wenzetu wako nyuma yetu masaa manane kipindi hicho cha baridi, ikifika kiangazi wanasogeza saa zao wanabaki nyuma saba. Akaniangalia. "Kwa hivyo wanasogeza tu saa, na serikali inakubali?"

Kurudi ndiko kulikoharibu kabisa. Nimetoka huko saa sita na nusu mchana, nimefika Nairobi saa nne na nusu asubuhi ya kesho yake, na yeye ndiye aliyekuja kunichukua eapoti, vidole vikatoka tena, vikaishia 22. Sasa nimekuwa mwongo wa pande zote mbili, kwenda nimeongeza, kurudi nimepunguza, maana nilimwambia ukweli ni masaa 14. Anataka kujua hayo manane mengine tulikuwa wapi na nani.

Na mimi mdomo haunyamazi, nikaongeza kwamba kurudi ni kufupi kwa sababu ya upepo, huko juu kama kilomita kumi kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, ukienda Marekani unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni. Hiyo bwana aliielewa haraka ajabu. Akazima gari katikati ya foleni ya kulipia parking, honi zinalia nyuma, akanigeukia.

"Shemeji, ikiwa kurudi mnasukumwa na upepo, mafuta yanabaki. Pesa yako ya kurudishiwa umeulizia?"